Nyumba Zetu: Mpangaji Asiyelipa Bili





Mwezi huu tumeonelea tulizungumze jambo ambalo wengi wetu tunalijua, lakini ni wachache wanaothubutu kulitaja mbele za watu, nalo ni la mpangaji asiyelipa bili. Hatumkusudii mpangaji wa mbali ambaye wakala ndiye anayemfuatia. Twamkusudia yule anayelala chumba cha juu, anayesali nasi msikiti mmoja, ambaye mama yake kule nyumbani alipiga simu akasema, "Nakukabidhi mwanangu," na ambaye kodi ya chumba huileta, mara kwa wakati na mara kwa kuchelewa, lakini ankara za gesi, umeme na maji huziona zimewekwa mezani akazipita kama gazeti la jana.

Tunaijua nyumba moja katika mji wa Leicester. Mwenyewe ni mama mjane, anaishi na binti yake anayesoma. Alimkaribisha kijana aliyetoka nyumbani katika chumba cha nyuma, wakakubaliana £80 kwa wiki, na habari ya bili ikamalizwa kwa neno moja: "Tutasaidiana." Neno hili ni tamu, nasi tumelelewa nalo, ila halina hesabu ndani yake. Kwa yule mama, maana yake ilikuwa kwamba kijana atatoa theluthi ya kila ankara. Kwa kijana, maana yake ilikuwa kwamba siku moja moja atapita dukani aje na mchele na mafuta ya kupikia, na hayo kwa hakika aliyafanya. Ikaingia baridi. Kijana, ambaye hajapata kuuona mwezi wa Januari wa Ulaya, akanunua hita ndogo ya umeme akawa anaiwasha usiku kucha. Ankara ya miezi mitatu ilipofika ilikuwa £312 kwa umeme peke yake. Mama akanyamaza, akailipa kwa fedha alizoziweka kwa nauli ya kwenda kumtazama dada yake mgonjwa. Ya pili akanyamaza pia. Ilipokuja ya tatu, hasira zilizokuwa zikilimbikizana tangu majira ya baridi zikamtoka kwa siku moja: akazima umeme wa chumba cha juu, na kijana aliporudi kazini alikuta kitasa kimebadilishwa na mabegi yake yamewekwa kwa jirani.

Kijana akaenda kaunsili kushitaki. Barua ikaja wiki ile ile, nayo haikuuliza habari ya ankara ambazo hazikulipwa. Iliuliza ni kwa haki gani mtu amekatiwa umeme na kutolewa bila ya kupewa notisi. Na kule nyumbani, mama wawili waliokuwa wakipikiana futari hivi sasa hawaamkiani.

Twalitaja hili kwa kuwa ndivyo mambo haya yanavyokwenda aghalabu. Mwenye kudai ananyamaza kwa heshima, kisha heshima inapomshinda hutenda jambo moja linalomgeuza yeye kuwa mkosaji. Kwa hiyo aliye na mpangaji, au anayetaka kumweka, hana budi kulijua jambo moja kabla ya yote: mtu huyu katika nyumba yangu ni nani mbele ya sheria? Tunazungumza hapa juu ya sheria ya England. Scotland wana sheria zao, na walioko Ghuba wana zao mbali kabisa.

Yuko mgeni, asiyelipa kitu, na mambo yake yanakwisha kwa mazungumzo. Sisi wenyewe tuna methali ya mgeni na jembe, na siku ya tatu inajulikana.

Yuko mpangaji wa chumba, anayeishi ndani ya nyumba ambayo mwenyewe naye anaishi humo, wakitumia pamoja jiko na choo. Huyu ndiye aliye wengi katika nyumba zetu. Sheria haimtaki mwenye nyumba aende mahakamani ili kumtoa, lakini inamtaka ampe notisi ya muda wa kutosha, na kwa desturi muda huo ni sawa na kipindi anacholipia kodi: anayelipa kwa wiki apewe wiki, anayelipa kwa mwezi apewe mwezi. Kumkatia umeme, gesi au maji ili achoke aondoke mwenyewe ni kosa la jinai chini ya sheria ya mwaka 1977 ya kuwalinda watu na kufukuzwa, na kosa hilo adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka miwili. Mama wetu wa Leicester alikuwa na haki ya kumwondoa kijana yule. Alichokosa ni barua ya mistari minne na subira ya siku saba.

Na yuko mpangaji wa nyumba nzima, au wa fleti yenye mlango wake, ambaye mwenye nyumba haishi naye. Huyo hatoki ila kwa amri ya mahakama, hata awe na deni la mwaka. Asimhadae mtu mwingine kwamba mkataba umekwisha na funguo ni zake. Habari zake tutazirudia hapo mbele, kwani zimebadilika.

Sasa tuingie katika bili zenyewe. Kampuni ya umeme haijui "tutasaidiana". Inalijua jina lililoandikwa juu ya ankara. Ikiwa jina ni lako, deni ni lako, na ukiwaambia kwamba aliyeuchoma umeme ule ni mtoto wa fulani, hawatakusikiliza. Katika nyumba ambayo mwenyewe anakaa na mpangaji wa chumba, jina ni la mwenye nyumba, na njia ya kupata haki yake ni mapatano yake na mpangaji tu. Katika nyumba iliyopangishwa yote, ni bora jina liwe la mpangaji tangu siku ya kwanza. Siku anapopewa funguo, simameni nyote wawili mbele ya mita, msome namba, mzipige picha, kila mmoja abaki na nakala yake, na siku hiyo hiyo kampuni ijulishwe. Deni lililo kwa jina la mpangaji humfuata yeye, wala haliingii kwa mwenye nyumba wala kwa atakayehamia baadaye. Kuna watu wetu waliolipa madeni ya wapangaji waliokwisha kuhama kwa sababu ya kutishika na barua nyekundu tu.

Kodi ya kaunsili ina mambo yake, nayo wengi huisahau. Mtu mzima anayeishi peke yake, au na watoto wadogo, hupunguziwa asilimia 25. Akiingia mpangaji mtu mzima, punguzo hilo huondoka, isipokuwa mpangaji akiwa mwanafunzi wa masomo ya kutwa. Kodi hiyo hudaiwa mwenye nyumba anayeishi humo, wala si mpangaji wake wa chumba. Kwa hiyo unapopanga bei ya chumba, uihesabu asilimia hiyo 25 iliyopotea, na uwaarifu kaunsili mapema. Asiyewaarifu atadaiwa ya nyuma yote kwa pamoja. Aliyepangisha nyumba nzima kwa familia moja, kodi hiyo ni juu ya ile familia. Lakini aliyepangisha vyumba kimoja kimoja kwa watu mbalimbali, kaunsili humdai yeye, hata kama haishi humo.

Kwa mpangaji wa chumba, maoni yetu ni kwamba njia iliyo salama zaidi ni kuzitia bili ndani ya kodi. Sema £105 kwa wiki na kila kitu kimo, badala ya £80 na kusaidiana. Mpangaji anajua anachotoa, mwenye nyumba anajua anachopata, na hakuna anayesimama mlangoni na karatasi mkononi. Anayechelea hita ya usiku kucha aandike mpaka: umeme umo ndani ya kodi kwa kiasi fulani kwa mwezi, ukizidi hapo mpangaji analipa ziada. Aliyechagua kugawana na agawane kwa haki, kwani sheria hairuhusu mwenye nyumba kumwuzia mpangaji umeme au gesi kwa bei iliyo juu ya ile anayoinunulia yeye. Kuifanya ankara kuwa biashara ndogo ya pembeni hakufai kisheria, na mbele ya Mwenyezi Mungu hakufai zaidi.

Hayo yote yaandikwe. Twajua kwamba wako watakaoona ni kama tusi kumwandikia karatasi mtoto wa jirani. Lakini Mwenyezi Mungu (S.W.T.) katika Suratul Baqarah ametuamrisha tuandike deni la muda, tena mbele ya mashahidi, na amri hiyo haikuwabagua ndugu na majirani. Karatasi yenyewe haina haja ya mwanasheria. Yatosha kusema:

"Mimi fulani nimempangisha fulani chumba kimoja katika nyumba ninayoishi. Kodi ni £80 kwa wiki, inalipwa kila Ijumaa. Juu ya kodi, atalipa theluthi moja ya ankara ya umeme, gesi na maji, ndani ya siku 14 tangu aonyeshwe ankara. Kila mmoja wetu anaweza kuvunja mapatano haya kwa notisi ya wiki moja kwa maandishi."

Tarehe, sahihi za wawili na shahidi mmoja. Ifanyeni kwa Kiingereza pia, kwa kuwa hakimu wa hapa hasomi Kiswahili. Na kila malipo yawe na risiti au yapite benki. Papo hapo mwenye nyumba aangalie hati za mpangaji. Tangu Februari 2016 kila mwenye nyumba katika England anatakiwa ahakikishe kwamba mpangaji ana ruhusa ya kupanga nchini, hata wa chumba kimoja, na tangu 2024 faini ya kosa la kwanza yaweza kufika £5,000 kwa mpangaji wa chumba. Ukiwa wewe mwenyewe u mpangaji wa kaunsili, waulize kwanza kuhusu chumba. Kuipangisha nyumba yao yote kwa siri ni kosa la jinai tangu sheria ya mwaka 2013.

Tuseme basi karatasi ipo, ankara imekuja, na siku 14 zimepita. Usingoje ya pili. Zungumza naye siku ya kumi na tano, kabla ya hasira kuingia, na uzungumze na yeye mwenyewe. Desturi yetu ya kumpigia simu mama yake kule nyumbani haina manufaa. Yule mama hawezi kulipa, ataumia tu, na kijana ataona umemwumbua. Mwite pembeni, si mbele ya watoto wala sebuleni penye wageni, umwonyeshe ankara: "Mwanangu, hii ndiyo ya miezi mitatu, £312. Theluthi yako ni £104. Utaweza kunipa lini?" Kisha unyamaze umwache ajibu, kwani katika jibu lake ndimo utakamojua ni yupi kati ya wawili.

Yuko asiyeweza na yuko asiyetaka. Asiyeweza utamjua: saa za kazi zimepunguzwa, au mshahara wa kwanza haujaingia, au anapeleka nyumbani fedha kuliko anazobaki nazo, jambo ambalo vijana wetu wengi wamo nalo na hawalisemi. Huyu Qur'ani imetuelekeza tumpe muda mpaka apate wasaa, na kumsamehe ni kheri zaidi kwa anayeweza kusamehe. Lakini muda nao una hesabu. £104 kwa £13 kila wiki ni wiki 8. Iandikwe chini ya karatasi ile ile. Akiwa ana madeni mengine mengi, mpelekeni Citizens Advice au StepChange, ambao hawatozi kitu. Kwa England na Wales, tangu Mei 2021, upo mpango unaomwezesha mdaiwa kupata mapumziko ya siku 60 ambazo wadai wake hawawezi kumfuatia wala kuongeza riba, wakati anapopatiwa ushauri. Na mpangaji wa nyumba nzima anayepokea Universal Credit, deni la kodi likifika miezi miwili, mwenye nyumba anaweza kuomba fedha za kodi ziletwe kwake moja kwa moja.

Asiyetaka ana dalili zake nyingine. Simu ni mpya, safari za wikiendi hazikatiki, na kila ukimwuliza hukuapia. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kuchelewesha deni kwa mwenye uwezo ni dhulma. Huyu hapewi wiki 8. Anapewa barua yenye tarehe, inayotaja kiasi na siku ya mwisho, na nakala yake unaiweka. Siku ikipita, na akiwa ni mpangaji wa chumba, anapewa notisi ya kuondoka, na katika muda wa notisi umeme unawaka na maji yanatoka kama kawaida. Kumwonea huruma mtu wa namna hii ni kumdhulumu binti yako anayesoma kwa kujifunika blanketi ili hita isiwashwe.

Kwa mpangaji wa nyumba nzima mambo ni mazito zaidi. Sheria mpya ya wapangaji ilipitishwa Oktoba 2025, na sehemu zake kubwa zilipangiwa kuanza tarehe 1 Mei 2026. Ile notisi ya kumtoa mtu bila ya kutaja sababu imefutwa humo. Mwenye nyumba lazima awe na sababu inayotajwa na sheria, na katika deni la kodi, sababu inayomlazimisha hakimu kutoa amri ni deni la miezi mitatu, ambapo zamani ilikuwa miwili, na notisi yake ni wiki 4. Hapa pana jambo ambalo twaomba lisomwe mara mbili: hesabu hiyo ya miezi mitatu ni ya kodi. Bili ambazo mpangaji aliahidi kukurejeshea mbali na kodi hazimo. Kwa bili hizo itabidi useme kwamba amevunja mapatano, na hapo hakimu ana hiari ya kukubali au kukataa. Lakini bili zilizotiwa ndani ya kodi ni kodi. Ndiyo sababu tuliyosema tangu mwanzo kwamba namna mkataba ulivyoandikwa ni nusu ya shauri.

Wako wanaosema, basi tuchukue kodi ya miezi sita mbele kama ifanyikavyo Dar es Salaam. Sheria hiyo hiyo hairuhusu kudai zaidi ya kodi ya mwezi mmoja mbele. Unaruhusiwa amana, isiyozidi kodi ya wiki 5 kwa nyumba zetu za kawaida, nayo lazima iwekwe katika mojawapo ya mipango iliyoidhinishwa ndani ya siku 30. Asiyeiweka aweza kuamriwa amlipe mpangaji mara moja mpaka mara tatu ya kiasi hicho. Fikiri mtu anadai £200 za gesi, akaishia kumlipa mdaiwa wake zaidi ya £2,000.

Fedha zenyewe zaweza kudaiwa mahakamani hata baada ya mtu kuondoka. Madai yasiyozidi £10,000 husikilizwa kwa njia ndogo isiyohitaji wakili, na hukumu isiyolipwa ndani ya mwezi mmoja hubaki katika daftari kwa miaka 6, ikimzuilia mdaiwa mikopo na nyumba. Kabla ya kufika huko, twapendelea wazee wawili wa jamaa wakae na pande zote mbili. Si kila mara inafaa, lakini haigharimu kitu, na mara nyingi kijana huona haya kwa mzee kuliko kwa hakimu. Ama faini ya kuchelewa, sheria ya mwaka 2019 inamruhusu mwenye nyumba kutoza riba kwa kodi iliyochelewa siku 14, mkataba ukisema hivyo. Sisi ruhusa hiyo hatuihitaji. Deni la £104 libaki £104.

Mpangaji akiondoka akaacha vitu, hata akiwa anadaiwa, vitu vile si malipo. Viwekwe mahali salama, na aandikiwe barua ya kumtaka avichukue, yenye tarehe. Mita isomwe tena siku ile ile na ipigwe picha. Kama ni ya kulipia kabla, kama Luku ya kwetu, angalia isiwe imetiwa deni lake ndani, kwani kila pauni utakayoitia baadaye itakatwa sehemu. Na barua zitakazoendelea kuja kwa jina lake msizitupe: andikeni juu yake kwamba amehama, mzirudishe posta.